Barua kwa Zuhura: Ngome ya Richard juu ya Mto Seine

Rouen, Ufaransa

Mpwa wangu mpendwa Zuhura,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia umeingia mwaka wa pili wa masomo ya usanifu majengo. Umeniuliza kuhusu ile picha niliyomtumia mama yako, ya magofu meupe juu ya kilima. Unataka kujua ni ngome gani, na iweje ngome ya namna ile ikaangushwa. Swali la pili ndilo lililonikalisha kitako, maana wanahistoria wamelijibu kwa upande wao, na mimi niliyekula jasho langu kwenye uashi naona lina jibu la mjenzi pia. Nisomee mpaka mwisho, mwanangu, hata kama ni refu.

Ngome yenyewe inaitwa Château Gaillard. Iko juu ya mji mdogo wa Les Andelys, kama kilomita 40 kutoka hapa Rouen ukielekea upande wa Paris. Mto Seine pale unapiga kona kubwa. Ng'ambo moja ni tambarare ya mashamba, na ng'ambo ya pili ni genge la mawe meupe linalopanda karibu mita 100 juu ya maji. Aliyesimama juu ya genge lile anaona kila mashua inayopanda na kila inayoshuka, muda mrefu kabla haijafika.

Aliyeijenga ni Richard, mfalme wa Uingereza aliyekuwa pia mtawala wa Normandi, yule anayejulikana kwa jina la Moyo wa Simba, aliyepambana na Sultan Salahuddin katika Vita vya Msalaba. Akiwa njiani kurudi, mwishoni mwa 1192, alikamatwa na mtawala wa Austria, akakaa kifungoni hadi Februari 1194. Kikombozi chake kilipangwa kuwa marki 150,000 za fedha. Huku nyuma, Mfalme Philippe wa Pili wa Ufaransa hakulala. Aliichukua ngome ya Gisors, iliyolinda mpaka wa Normandi, na Gisors ilipokwenda, njia ya kuifikia Rouen ikabaki wazi. Basi Richard alipotoka kifungoni alihitaji ngome nyingine, na aliihitaji upesi.

Mapatano ya amani ya mwanzoni mwa 1196 baina ya Richard na Philippe yalisema wazi kwamba Andely, ndipo hapo Les Andelys, pasijengwe ngome. Richard akajenga. Kiwanja nacho hakikuwa chake. Kilikuwa mali ya Askofu Mkuu wa Rouen, Walter de Coutances, ambaye alipata mapato mazuri kutokana na ushuru wa mtoni. Askofu Mkuu akakasirika, akafunga ibada katika Normandi yote, hata maiti zikawa zinalala bila kuzikwa. Shauri lilipelekwa mpaka kwa Papa, na likamalizika mwaka 1197 kwa Richard kumfidia Askofu Mkuu ardhi nyingine pamoja na bandari ya Dieppe. Muda wote huo ujenzi ulikuwa ukiendelea.

Sikia sasa habari ya kazi yenyewe. Ngome kuu za zama zile zilichukua miaka mingi, nyingine zilirithiwa na mwana kutoka kwa baba zikiwa bado hazijakwisha. Hii ilianza 1196, na kufikia 1198 ilikuwa imesimama. Hesabu za hazina ya mfalme zimehifadhiwa hadi leo, na zinaonyesha zaidi ya pauni 11,000 zilitumika pale, ilhali ngome zote za Uingereza katika utawala wake wote zilimgharimu kama pauni 7,000. Hesabu hizo zinawataja wachimba mawe, waashi, maseremala, wahunzi, wachoma chokaa, wabeba maji na walinzi. Jina la fundi mkuu halimo. Kwa sababu hiyo wako wataalamu wanaoamini kuwa Richard mwenyewe ndiye aliyeupanga mchoro, na mimi nakubaliana nao. Mfalme huyu alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akizingira ngome za watu wengine. Alijua mahali ambapo ukuta huuma na mahali ambapo hukubali.

Utaliona hilo ukiitembea ngome kwa njia ya adui. Upande wa mto ni genge, na mbavuni kuna mabonde yenye mteremko mkali. Panapofikika ni kusini-mashariki tu, ambako shingo nyembamba ya ardhi inakiunganisha kilima na nyanda za juu. Basi ngome yote imeelekezwa huko. Mbele kabisa uko ua wa nje, wenye umbo la pembetatu, na kwenye ncha yake mnara mnene unaomtazama ajaye. Nyuma yake kuna handaki refu kwenda chini, limechongwa katika mwamba. Ukivuka unaingia ua wa kati, ambao umeuzunguka ua wa ndani, nao una handaki lake. Ndani kabisa, ukingoni mwa genge, ndipo penye mnara mkuu. Anayetaka kumfikia mwenye ngome inambidi ashinde, avuke, ashinde tena, avuke tena, kisha ashinde mara ya tatu. Chini mtoni kulikuwa na mji uliozungushiwa ukuta, ngome ndogo kisiwani, na safu za magogo yaliyokitwa majini kuziba njia ya mashua.

Lakini ukuta wa ua wa ndani ndio ninaotamani uuone kwa macho yako. Haukujengwa kwa mtindo uliozoeleka wa ukuta ulionyooka wenye mnara hapa na mnara pale. Uso wake wote umefura kwa mafundo ya nusu duara, moja likifuatia jingine kwa karibu, hata baina yao hubaki kipande kifupi tu cha ukuta ulionyooka. Sijaona kwingine ukuta kama huo, na wanaozijua ngome za Ulaya kuliko mimi wanasema hakuna wa kufanana nao.

Sababu yake ni hii. Ukuta ulionyooka una ugonjwa mmoja. Mlinzi aliye juu hamwoni mtu aliyejibana chini kabisa, miguuni mwa ukuta, isipokuwa ainame kwa nje, na akiinama hupigwa mshale. Kwa hiyo adui mwenye mtalimbo, akishafaulu kuufikia ukuta, yuko salama kuliko wenzake waliobaki mbali, na anaweza kuanza kuchimba. Mafundo yale yanamwondolea maficho. Kila fundo linaona miguu ya fundo la pili, na mshale unaweza kutoka ubavuni. Tena jiwe lililorushwa na mtambo, likigonga uso wa mviringo, huponyoka kando, nguvu yake isiingie yote ukutani. Ukuta mmoja, umbo moja, majibu mawili. Huo ndio usanifu ninaouheshimu.

Mnara mkuu nao una mengi. Kwa ndani ni wa mviringo, kwa nje umetokeza ncha nene kuelekea upande ambao adui angetokea. Chini ni mpana na umelala kwa mteremko, ili mawe yanayodondoshwa kutoka juu yagonge pale na kuruka kuwaelekea washambuliaji. Juu zaidi kuna nguzo zilizoungana na ukuta, nyembamba chini na pana kadiri zinavyopanda. Hizo zilibeba matao, na nyuma ya matao palikuwa na nafasi za kudondoshea mawe moja kwa moja juu ya vichwa vya watu. Sehemu ya juu imekwisha anguka, ila nguzo zingalipo na kazi yake inasomeka. Kwa Ulaya ya magharibi huo ni miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa ya ufundi huo kujengwa kwa mawe. Wengi husema Richard aliutoa mashariki, katika nchi za Sham. Yawezekana, maana alizipita ngome za huko na kupigana chini yake.

Jiwe lake ni la chokaa, jeupe na laini. Ukilipitishia kiganja, kiganja kinabaki na unga. Ndani ya mwamba uliobeba ngome utaona mistari ya gumegume jeusi, ngumu, ikikatiza katika ule weupe. Waashi walipanga mawe yaliyochongwa kwa usoni, na kiini cha ukuta wakakijaza vipande vya mawe na chokaa, sawasawa na unavyoziona kuta za mawe ya matumbawe huko Mji wa Kale, Mombasa, zikibomoka. Watu wamebandua mawe mengi ya usoni kwa karne nyingi, kwa hiyo leo kiini kiko wazi. Kwa mwanafunzi hiyo ni bahati. Unaona ukuta umekatwa, kila tabaka mahali pake, bila kuhitaji mchoro.

Richard hakuifaidi. Alikufa tarehe 6 Aprili 1199, kwa jeraha la mshale alilolipata akiizingira ngome nyingine ndogo kule Châlus. Nduguye John akarithi ufalme, na Philippe hakukawia. Mwishoni mwa kiangazi cha 1203 aliizingira Château Gaillard. Msimamizi wake alikuwa Roger de Lacy, askari hodari aliyekataa kabisa kusalimu amri. John alijaribu kuiokoa usiku mmoja, jeshi lije kwa nchi kavu na mashua zipande mto, wote wafike kwa pamoja. Mkondo wa maji ukawachelewesha watu wa mashua. Wa nchi kavu wakafika peke yao na kupigwa, kisha mashua nazo zikapigwa zilipotokea. Baada ya hapo hakuna msaada wa maana uliokuja.

Hapa sasa, mwanangu, naomba usome polepole. Wafaransa walipoukaribia mji ulio chini ya kilima, wakazi wake walikimbilia ndani ya ngome, zaidi ya watu elfu moja, wake kwa waume, wazee na watoto. De Lacy alipiga hesabu ya chakula na kuona hakitatosha. Akaanza kuwatoa. Makundi ya mwanzo Wafaransa waliyaacha yapite, yakaenda zake. Kisha Philippe akaamuru asipite mtu tena, ili njaa iwamalize walio ndani. Kundi la mwisho, mamia ya watu, likatolewa nje ya lango. Mbele yao Wafaransa wakawarushia mishale, na nyuma yao lango likafungwa. Walibaki kwenye mteremko baina ya ukuta na kambi ya adui, wakati wa baridi. Waliishi kwa majani na kwa mbwa waliofukuzwa kutoka ngomeni. Wengi walikufa pale pale, hadi Philippe mwenyewe alipowaonea huruma na kuamuru walishwe na waachiwe. Tunayajua haya kwa sababu Guillaume le Breton, kasisi wa Philippe, aliyaandika.

Mimi nikisimama juu ya mteremko ule siwezi kuutazama ukuta wa Richard kwa macho ya kupenda ufundi peke yake. Aliwafikiria wapiga mishale, aliyafikiria mawe ya mitambo, aliifikiria kila pembe ya jicho la mlinzi. Akajenga pia mji chini ya ngome, akaleta watu wakae. Lakini siku mji ukichukuliwa watu hao waende wapi na wale nini, mchoro haukuwa na jibu. Hilo ni kosa la usanifu, Zuhura, usikubali akuambie mtu ni kosa la vita tu.

Mwanzoni mwa 1204 Philippe akaanza kushambulia. Watu wake walijaza handaki la mbele, wakachimba chini ya mnara wa ncha, wakazitegemeza kuta kwa magogo na kuyatia moto magogo hayo, mnara ukaporomoka. Ua wa nje ukaenda. Ua wa kati ulikuwa na ukuta mzuri, ila John alikuwa ameongeza jengo upande mmoja, lenye kikanisa na vyoo. Askari mmoja Mfaransa aliyekuwa akizunguka kutafuta penye udhaifu akaona tundu. Hadithi inayosimuliwa zaidi inasema lilikuwa tundu la choo. Guillaume le Breton anataja dirisha la kikanisa ambalo halikuwekewa ulinzi. Vyovyote iwavyo, askari alipanda akiinuliwa na mwenzake, akavuta wengine kwa kamba, wakaanza kupiga makelele ndani. Walinzi wakadhani limeingia jeshi zima. Wakatia moto majengo na kukimbilia ua wa ndani.

Yakabaki yale mafundo ya Richard, na nyuma yake mnara mkuu. Tatizo likawa daraja. Njia ya kuingilia ua wa ndani ilipita juu ya daraja la mwamba, sehemu ya kilima iliyoachwa bila kuchongwa handaki lilipochimbwa. Daraja la mbao huvutwa au huchomwa. Hili halikuweza kuondolewa. Wachimbaji wa Philippe wakajificha chini yake, mahali ambapo mawe na mishale havikuwafikia, wakauchimba ukuta. Walinzi nao wakachimba kwa ndani ili wakutane nao, na uchimbaji wa pande mbili ukazidi kuulegeza ukuta uleule. Mtambo wa kurusha mawe ukamalizia. Tarehe 6 Machi 1204 ngome ikachukuliwa. Waliokamatwa hawakuwa wengi, na hawakupata hata nafasi ya kuingia kwenye mnara mkuu. Ule mnara wenye ncha, mteremko na matao haukupigana siku hiyo. Mwezi Juni Rouen nayo ikafunguliwa, na Normandi ikawa ya Ufaransa.

Sasa umepata jibu la swali lako. Kuta zilizofikiriwa sana hazikuanguka kwa kufikiriwa vibaya. Ngome iliingiliwa penye jengo lililoongezwa baadaye, na penye kipande cha mwamba kilichoachwa kwa sababu kilirahisisha kazi. Miaka mingi baadaye ngome ilizingirwa tena kwa muda mrefu, na Waingereza, hadi 1419. Safari hiyo waliokuwa ndani walisalimu amri kwa kuwa kamba za kutekea maji kisimani zilikwisha. Kisima kilikuwepo, maji yalikuwemo, kuta zilikuwa zimesimama.

Mengine nitayapita haraka. Mwaka 1314 Margaret wa Burgundy, mke wa mrithi wa kiti cha Ufaransa, alifungwa humo kwa tuhuma za uzinzi, na akafa humo mwaka uliofuata. David wa Pili, mfalme mtoto wa Scotland, alihifadhiwa humo alipokuwa uhamishoni. Mwaka 1599 Mfalme Henri wa Nne aliamuru ngome ibomolewe, watawa wakaruhusiwa kuchukua mawe kwa majengo yao, na tangu 1862 imetambuliwa kuwa urithi wa kihistoria wa taifa la Ufaransa.

Nimekuandikia haya yote kwa sababu wewe unayo ngome ya kuisoma bila kupanda ndege. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewatumikia Wareno. Karibu karne nne zilikuwa zimepita tangu Richard, na mizinga ilikuwa imekuja. Mnara mrefu ulikuwa shabaha tu mbele ya mzinga, kwa hiyo Cairati alizishusha kuta, akazinenepesha, akatokeza buruji zenye pembe. Ukizitazama vizuri utaona anajibu swali lilelile la mafundo ya Gaillard: nani anauona mguu wa ukuta? Na ilipozingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, kilichowamaliza walio ndani kilikuwa maradhi na njaa kuliko mizinga.

Likizo ukirudi Mombasa, nenda huko na futi kamba na karatasi. Anzia buruji mbili zinazotazama nchi kavu, São Filipe na Santo Alberto. Simama juu ya kila moja, weka alama mahali jicho linapofika na mahali lisipofika, kisha chora. Halafu acha kuta, utafute maji: kisima kiko wapi, birika liko wapi, na ni umbali gani kutoka walikolala askari. Shuka kwenye ile njia yenye matao iliyokatwa katika mwamba kuelekea baharini, uipime upana, na ujiulize nani alipita pale na alibeba nini. Jiulize pia watu wa mji waliokimbilia ndani waliwekwa sehemu gani.

Nitumie michoro hiyo, hata kama ni ya penseli na haijasafishwa. Nami nitakupimia handaki la Gaillard na lile daraja la mwamba, nikutumie vipimo, tuvilinganishe. Msalimie sana mama yako, na mwambie barua yake naijibu wiki hii.

Wasalaam,

Mjomba wako akupendaye,
Omari